Sura ya Tisa: Mchoro wa Mamba

Ijumaa saa mbili asubuhi, Elisée Mwansa alifika ofisini kwa Constance Ngoie akiwa na sanduku lake la nguo. Baraza la nidhamu la Chuo cha Afya Bumi lilikuwa limepangwa kukaa saa nane mchana, lakini kijana huyo wa mwaka wa pili wa uuguzi alikuwa ameshajihukumu mwenyewe. Alikuwa ameacha kitanda kitupu na kurudisha ufunguo wa chumba. Constance alilitazama sanduku, akaona haya, maana mmoja wa watu waliomfungia sanduku lile alikuwa yeye.

Ripoti ya Jumatatu ilikuwa na saini yake. Aliandika kwamba kuna tishio la maandishi, kwamba aliyetishwa haonekani, na kwamba mwandishi wa tishio asimamishwe masomo. Yalikuwa maneno safi, ya mtu aliyefanya upelelezi wa polisi miaka kumi na minne kabla ya chuo kumwajiri aongoze ofisi ya ulinzi na ustawi wa wanafunzi. Wanafunzi waliiita ofisi ile "kwa Maman Constance", na jina hilo liliifaa kuliko lile refu la mlangoni. Ndani mlikuwa na viti viwili, kabati lenye kufuli, na dirisha lililoelekea ukuta.

Aliyepotea ni Sephora Mwape, wa darasa moja na Elisée, binti wa miaka ishirini na mmoja kutoka Kasenga. Aliondoka bwenini Jumamosi alasiri, simu ikazimwa, na nyumbani hakufika. Ushahidi ulikuwa mmoja tu. Karatasi ndogo ndani ya mfuko wa plastiki, imebanwa kwa pini mbili kwenye barua ya André, msimamizi wa staji, yaani mafunzo ya wanafunzi hospitalini. Juu ya karatasi palichorwa mamba aliyefunua kinywa, na chini yake maneno: *Weye samaki, nitakukula na miba yote. Dimanche haitafika, utakuwa umekwisha.* Alipotea Jumamosi, na Jumapili haikuwa imefika.

"Ikala, mwanangu," alisema Constance, akimwonyesha kiti. "Njo weye, weye mwenyewe, uliandika hii?"

"Njo miye, Maman. Nilishasemaka."

"Juu ya nini?"

"Ni muchezo wa kwetu."

"Muchezo gani huu, wa kumuambia mutoto wa bantu utamukula?"

Elisée alitazama mikono yake. "Maman, andika paka vile, vile tu. Muchezo. Banifukuze, inaisha."

"Na Sephora iko wapi?"

"Ile sitajibia."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayekataa chai. Constance alifungua faili akapitia maswali na majibu ya Jumatatu, ya Jumanne, ya Jumatano. Alikuwa ameyasoma mara nyingi akitafuta uongo, na uongo hakuuona. Leo alisoma akitafuta kile ambacho hakikusemwa.

Mama mzazi alikuwa ameuliza mara kumi, akilia kwenye simu, kama mwanawe amepatikana. Lydie wa chumba kimoja na Sephora alikuwa akipita kila asubuhi kuuliza. Hata mlinzi wa getini aliuliza. Katika siku nne, mtu mmoja tu hakuuliza hata mara moja, naye alikuwa amekaa mbele yake, magoti yamebana sanduku. Kwa uzoefu wa Constance, wasioulizia aliyepotea ni wa aina mbili: aliyemdhuru, na anayejua kwamba mtu huyo asubuhi hii amekunywa uji salama.

"Sanduku utaliacha hapa," alisema, akalisukuma kabatini na kugeuza ufunguo. "Ikala mu corridor. Usiende fasi ingine."

"Lakini Maman, si bananifukuza leo?"

"Saa nane bado."

---

Bwenini, Lydie alikuwa anakunja shuka. Alikuwa binti wa Likasi, mwembamba, mwenye kusema kila kitu alichokiona na kidogo alichokisikia. Constance alikaa kwenye kitanda cha Sephora na kumwomba aisimulie upya siku ya Jumamosi, polepole, kama vile hajawahi kuisimulia.

"Tulitoka mu salle ya masomo midi na nusu, saa sita na nusu. Sephora akakuya hapa, akabeba kaye yake, daftari ya staji, ile banatuwekea signature ya kila siku ya hospitali. Akasema anaenda kulomba signature yenye ilibakia."

"Kwa nani?"

"Hakusema. Akarudia quinze heures, saa tisa. Nikamusalimia, hakuitika. Akaenda kuoga." Lydie aliacha shuka. "Alioga sana, Maman. Mupaka nikaenda kugonga ku mulango. Njo akabeba sac ya nguo, akasema anaenda kwabo."

"Na kaye?"

"Kaye?" Lydie alifikiri. "Hakurudia nayo. Mikono ilikuwa mutupu."

Constance aliandika hilo, akachora mstari chini yake. "Alibeba nini mu sac?"

"Nguo mbili. Liputa ya kujifunga. Na bluzi yake mweupe ya staji, na biatu byake bya mweupe."

Msumari wa nyuma ya mlango ulikuwa wazi. Constance aliutazama kwa muda. Anayekimbilia Kasenga, kwenye mto na mitumbwi na samaki, bluzi ya uuguzi ya kazi gani? Sephora alikuwa ameliacha bweni, lakini hakuwa ameacha masomo. Huenda hata mjini hakutoka.

"Na Elisée, unamuona namna gani?"

"Ule iko mubaya," alisema Lydie bila kusita. "Kila siku anamutukana Sephora. Hata ku kilio ya tantine ya Sephora, ndugu ya mama yake, mu mwezi wa tatu. Tulienda darasa muzima kumusaidia. Bantu banalia, yee anaanza kuchekesha: eti nyie samaki munakwisha, tutabakausha ku jua. Mbele ya maiti, Maman. Bakubwa beko paka banamuangalia."

"Hawakumfukuza?"

"Hapana. Na Sephora mwenyewe, na machozi yake, akacheka. Akamujibia: mamba haina meno. Kisha ule ule Elisée akaenda kuchimba kaburi na babaume ba famille. Miye sikusikia kintu pale."

Constance naye hakuelewa. Babu yake alikuja na reli kutoka Kabalo, baba yake alizaliwa Kamalondo, hapa hapa mjini, na kwao kilioni watu wanalia, wanasali rozari, wanakula na kwenda. Lakini mtu anayetukana wafiwa, wazee wakamwacha, halafu akapewa koleo la kaburi, huyo alikuwa na ruhusa fulani. Na ruhusa hiyo haikuandikwa kwenye faili lake lolote.

Kwenye fomu ya Elisée, mahali pa mtu wa kupigiwa simu, palikuwa na jina moja: Mama Chilufya, mama mkubwa, mtaa wa Naviundu.

---

Mama Chilufya alikuwa uani, anageuza samaki wakavu juu ya turubai. Samaki walimfikia kutoka Kasenga mara mbili kwa juma, na harufu yao ilimpokea Constance kabla ya mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, na alitoa kiti kabla ya kuuliza mgeni ni nani.

"Yaya, dada yangu, miye niko Constance, wa ku chuo ya Elisée."

"Nilikuwa ninakungojea. Banamufukuza leo?"

"Bado hawajamufukuza. Nilikuya kukuonesha kintu." Akatoa mfuko wa plastiki na barua yake. "Hii njo aliandika."

Mama Chilufya alipangusa mikono, akaisogeza karatasi mbali na macho, akamtazama mamba. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta na kujifuta machozi kwa ncha ya liputa.

"Ule mutoto hayue kuchora. Hii mamba ao ni mbwa?"

"Yaya, juu ya hii karatasi, anapoteza masomo."

Kicheko kikakatika. Mama Chilufya alivuta kiti chake karibu. "Mama, weye uko mutu wa wapi?"

"Ba baba banatoka Kabalo."

"Aa. Basi si kosa yako. Sikia. Shiye, ku upande wa mama, tuko bena Ng'andu, bantu ba mamba. Sephora na ba mama yake beko bena Isabi, bantu ba samaki. Ni banungwe betu, batani betu, tangu bankambo betu ba zamani. Munungwe wako unamutukana vile unataka, na yee anakutukana, hakuna kukasirika. Miye naweza kumukuta mutu wa samaki ku soko, simuyue, nikamuambia leo ninakukula. Anacheka. Elisée asipomutukana Sephora, njo tungesema hana adabu."

"Hata kwenye kilio?"

"Kule njo zaidi. Nani atabachekesha bale bantu? Na nani atabachimbia kaburi? Njo kazi ya munungwe. Anakuchekelea, na siku ya mubaya njo anakubeba."

Ukoo wa upande wa mama hauandikwi kwenye kitambulisho, wala kwenye fomu ya chuo. Barazani walikuwa watu tisa, wote wa Kolwezi, wa Kamina, wa Kasai, wasomi, na wote walikuwa wamemsoma mamba yule kama yeye alivyomsoma. Alikumbuka Elisée alivyosema mara moja tu kwamba ni mchezo wa kwao, kisha akafunga mdomo. Sasa sababu ya kufunga mdomo ilionekana. Angelieleza bunungwe, utani ule wa koo, mbele ya mtu yeyote anayeujua, mtu huyo angeuliza swali la pili.

Constance akaliuliza. "Na munungwe akipata shida angali muzima, anaenda kwa nani?"

Mama Chilufya aligeuza samaki mmoja, akamgeuza tena upande ule ule wa kwanza. "Akifika ku mulango, hauulize kintu. Anaingia."

Nyuma ya nyumba, kwenye kamba, katikati ya liputa mbili, palining'inia bluzi nyeupe iliyofuliwa vizuri. Constance alikuwa ameiona tangu alipoketi. Hakuinuka. Aligeuza kiti kidogo kuelekea dirisha lililokuwa wazi na kusema kwa sauti ya kawaida, ya kufika ndani.

"Miye sikukuya kumubeba muntu. Sitaita polisi kama mwenyewe hajalomba. Sitaambia famille fasi iko. Na kile ataniambia, nitaandika paka kile atanipa ruhusa. Akitaka nirudie ku chuo, ninarudia."

Walikaa. Nzi walizunguka samaki. Baada ya muda mlango wa jikoni ulifunguka, akatoka msichana mrefu mwenye kisu mkononi na magamba mpaka kwenye viwiko.

"Angalia," alisema Mama Chilufya. "Siku sita iko anakwangura bandugu yake."

Sephora alitabasamu kidogo, akaweka kisu chini na kukaa kwenye kibao. Alisimulia akitazama turubai. Monsieur André alikuwa amemnyima saini tatu za mwezi uliopita. Jumamosi, darasa lilipokwisha, alimwambia ailete kaye nyumbani kwake, kwa sababu ofisini hana muhuri. Alipoingia, André alifunga mlango kwa ufunguo. Akamshika. Sephora alipambana, akapita jikoni, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuvuka ua wa jirani. Kaye ilibaki mezani.

"Nikisema, nani atanikubali? Yee njo anatia ba points. Yee iko mu conseil, mu baraza ile. Elisée nilimuapisha asiseme fasi niko. Hakukuwa namna ingine."

Constance alihisi hasira ikipanda, hasira ya kweli, na aliiacha ipite kabla ya kuuliza tena. "Karatasi ya mamba, alikupa siku gani?"

"Samedi asubuhi, mu salle. Ba orodha ya staji mupya ilikuwa imetoka mu mashini ya imprimante saa ile ile. Alipasua yake katikati, akaandika nyuma. Midi nilirudia bwenini, nikaiweka mu kaye."

"Nyuma ya orodha?"

"Nyuma yake, Maman."

Constance alimwomba Mama Chilufya kisu, akazing'oa zile pini mbili. Tangu Jumatatu karatasi ile ilipita mikononi mwa wajumbe wote tisa, na mwake yeye pia, ikiwa ndani ya plastiki, mamba nje, mgongo umebanwa kwenye barua. Hakuna aliyeigeuza. Mpelelezi wa miaka kumi na minne hakuigeuza. Alijiona mjinga, na alisema hivyo kwa sauti.

Akaigeuza. Ilikuwa nusu ya chini ya orodha: majina sita ya kundi C, kisha mahali, tarehe 16, siku ya Jumamosi, na saini ya aliyeitoa. Saini ilikuwa ya André mwenyewe, mkia wake mrefu umepita juu ya muhuri.

Alifungua barua iliyokuwa imebanwa nayo na kuisoma tena, sentensi kwa sentensi. *Nilikusanya kaye zote siku ya Alhamisi tarehe 14. Katika kaye ya mwanafunzi Sephora nikakuta karatasi hii. Tangu siku hiyo sikumwona tena.*

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini.

"Unataka nifanye nini?" alimuuliza Sephora.

"Elisée asifukuzwe."

"Na weye?"

"Leo siwezi kusema mbele ya bale babaume." Alivuta pumzi. "Kesho nitaandika. Nitaandika yote, na ku polisi nitaenda. Lakini leo hapana."

"Basi leo nitasema na karatasi tu. Maneno yako yanabaki hapa. Mama yako, naweza kumuambia uko muzima?"

"Mwambie niko muzima, ninakula. Fasi, usiseme." Constance alipokuwa anainuka, Sephora akamshika mkono kwa vidole vya magamba. "Na ule mamba, umuambie ya kesho, kisha umupelekee maneno yangu."

---

Barazani, meza ilikuwa na chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Jean-Claude, mkurugenzi wa masomo, alikuwa mwenyekiti, mtu wa kupenda mambo yaishe mapema. André alikaa kulia kwake, shati limepigwa pasi vizuri.

"Maman Constance, ripoti yako tunayo," alisema mkurugenzi. "Kuna kintu ya kuongeza?"

"Swali moja au mawili kwa Monsieur André, kwa ajili ya faili." Akamgeukia. "Kaye mulizikusanya siku gani?"

"Jeudi. Iko mu barua."

"Na ya Sephora haikutoka tena kwenu?"

"Haikutoka. Mupaka leo iko mu tiroir yangu."

"Na hii karatasi mulikuta ndani siku ile ile ya jeudi?"

"Siku ile ile. Nilishituka sana, Maman. Njo sababu niliileta."

"Asante." Constance aliandika majibu matatu, akampa asome na kutia saini. André alitia saini. Mkia ulipita juu ya mstari kama kawaida yake. Ndipo Constance akaisukuma karatasi ya mamba kwa mkurugenzi, nje ya plastiki. "Papa Directeur, naomba mugeuze, musome chini."

Jean-Claude alivaa miwani. Alisoma majina sita. Alisoma tarehe, akaisoma tena kwa sauti ndogo. Kisha alichukua jibu lililotoka kusainiwa na kuliweka kando ya karatasi ile, saini mbili zikikaa jirani.

"Orodha hii niliipiga saini samedi dix heures, saa nne asubuhi," alisema André. "Basi... labda nilikosea siku ya kukusanya."

"Inawezekana," alisema Constance. "Tuseme ni samedi. Samedi ofisi za chuo zilifungwa midi, na Sephora alitoka bwenini na kaye yake baada ya midi na nusu. Monsieur André, kaye ile mulipokelea wapi?"

André alifungua chupa yake ya maji. Hakunywa. Aliifunga tena, akasema anataka kuzungumza na mwanasheria.

Dakika kumi baadaye, utani wa mamba na samaki ukiwa umeelezwa, shauri la Elisée lilifutwa, Constance akaiondoa ripoti yake ya Jumatatu kwa mkono wake mwenyewe, na mkurugenzi akamtuma karani akalete kaye ile kutoka kwenye droo. Kuanzia alasiri ile, hakuna mwanafunzi yeyote aliyetakiwa kupeleka kitu chochote kwa André.

Elisée alikuwa bado kwenye korido, amekaa wima, kama alivyoachwa. Constance alikaa kando yake na kumpa ufunguo wa kabati.

"Sanduku lako. Rudi nalo bwenini."

Elisée alimtazama bila kusadiki.

"Nilikukosea, mwanangu. Nilipaswa kuuliza kwanza. Nimetoka Naviundu."

Uso wa kijana ulibadilika. Alitaka kusema kitu, akajizuia, bado kiapo chake kinamshika.

"Hujavunja neno lako, niliona mwenyewe," alisema Constance. "Na kuna muntu amenituma kwako. Anasema: ambia ule mamba, miba yangu bado iko."

Elisée alicheka. Kicheko kilikuwa kikubwa mno kwa korido ile, wajumbe wa baraza wakageuka mlangoni, Lydie aliyekuwa ngazini akafunga macho kwa aibu. Alicheka mpaka machozi yakatoka, kisha kicheko kikaondoka na machozi yakabaki, na hakuyaficha. Constance akamnong'oneza habari ya kesho, ya polisi, kama alivyotumwa.

"Kesho ku polisi," aliuliza mwishowe, "ataenda na nani?"

"Na miye."

"Na miye pia," alisema Elisée.

Alifungua sanduku pale pale sakafuni, akatoa bluzi yake nyeupe iliyokuwa chini ya nguo zote, akaikung'uta mikunjo na kuivaa. Zamu yake hospitalini ilikuwa inaanza saa tisa.